Farasi Wasiokuwepo

Mwanamke aliyeniingiza katika Umormoni alikuwa Mganda wa rika la mama yangu, na mimi ndiye niliyemwaibisha mbele ya wageni wake, sebuleni kwake Upplands Väsby, nje kidogo ya Stockholm, Uswidi, Jumapili mchana, naye bado kashika sahani ya sambusa.

Nilifika Stockholm kutoka Mwanza kusomea kazi ya maabara. Sikuwa na mtu. Alinikuta stesheni nimevaa makubazi kwenye theluji, akanipeleka kwake na kunipa buti za binti yake. Tangu siku ile nikamwita Mama. Miezi michache baadaye nikabatizwa, na kwa miaka tisa nilikosa ibada mara mbili tu, zote kwa homa.

Kilichonitoa kanisani ni farasi. Maandiko yetu ya Kimormoni, tuliyoyasoma pamoja na Biblia, yalisimulia watu wa kale wa Amerika waliokuwa na farasi, ngano na panga za chuma. Nilianza kusoma akiolojia kwa nia njema kabisa, nipate ushahidi. Nikakuta kwamba farasi wa huko walitoweka zamani mno, wakarudi na meli za Wahispania. Nikasoma habari za ngano, kisha za chuma, ikawa hivyo hivyo. Mwishowe nikaandika barua ya kujitoa.

Mama hakunigombeza. Aliendelea kunialika chakula, nami niliendelea kusoma. Hili wenzangu hawakulielewa: nimeshatoka, lakini kila nikirudi kutoka kazini Flemingsberg nilikuwa kwenye treni na ripoti za uchimbaji, nikiwatafuta watu ambao siamini kwamba waliwahi kuishi.

Kisha Mama akaenda Meksiko na kikundi cha waumini kutazama magofu waliyoyaamini kuwa ya watu wale wa kale. Aliporudi alitualika kama watu kumi, Wakenya, Wakongo na sisi Watanzania, akatuonyesha picha kwenye televisheni. Alipofika kwenye jiwe lililochongwa mnyama, akasema huyo ni farasi, mwongoza watalii ndivyo alivyowaambia. Alinitazama mimi, akatabasamu. Nadhani picha ile aliipiga kwa ajili yangu.

Ningeweza kunyamaza. Badala yake niliomba rimoti, nikaikuza picha, nikawaonyesha pembe.

"Huyu ni paa, Mama. Kwani Uganda farasi wana pembe?"

Watu wakacheka. Nikaendelea, kwa sauti ya mwalimu, na kila alipofungua mdomo nilimtupia swali jingine nililojua hana jibu lake. Mkenya mmoja akasema imetosha. Sikuacha. Ni binti yake aliyezima televisheni na kuniambia, kwa Kiswidi, nitoke. Nilipokuwa navaa koti nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri njia nzima mpaka nyumbani.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu. Alisema ameacha kwenda kanisani, na ana jambo moja anataka kuniuliza kwa sababu mimi nimesoma. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyekufa vitani kabla yeye hajakimbia Uganda. Kanisani walimfanyia marehemu ubatizo kwa niaba, yaani mtu hai alibatizwa kwa jina lake, wakamwahidi mama kwamba mtoto atakuwa wake milele.

"Sasa niambie, mwanangu. Nitamwona?"

Ningeweza kusema sijui. Ingekuwa kweli, na ingetosha. Lakini bado nilikuwa na kiburi cha siku ile sebuleni.

"Hilo si swali la akiolojia, Mama," nikamjibu.

Alishukuru, kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru karani dirishani, akakata simu.

Hakurudi kanisani. Waumini wenzake walipomtembelea, hakuwafungulia. Nilikutana na binti yake dukani, akanieleza kwamba mama yake ameondoa picha ya marehemu mwanawe ukutani na hataki atajwe. Nikasema nilichosema kilikuwa kweli. Akasema mama yake hakuwahi kuniuliza kama buti zile nilistahili.

Sasa Mama na binti yake wamehamia mji mwingine, Södertälje. Nimempigia Mama mara nyingi, hapokei. Mimi nimejiandikisha kozi ya akiolojia, mara moja kwa wiki baada ya kazi. Siku ya kwanza mwalimu alimuuliza kila mmoja kilichomleta. Zamu yangu ilipofika nikasema napenda vitu vya kale, bila kumtaja Mama wala farasi, naye akaandika jina langu, akamgeukia jirani yangu.