Nitazame Mimi Peke Yangu

Aliyenifunza kuimba ndiye aliyenizunguka, kwa hivyo nitaanza na mafunzo yake. Yalikuwa mazuri, na hasira zangu hazitayafanya mabaya.

Alikuwa shoga yangu wa miaka mingi. Zamani aliimba na bendi katika hoteli moja ya Nyali, kisha akaolewa, akaacha jukwaa, akabaki na ujuzi wake bila pa kuupeleka. Mimi nilikuwa na sauti tu. Tangu madrasa nilisifiwa kwa kaswida, lakini nyimbo za mapenzi, zile za taratibu ambazo maharusi wa siku hizi wanazitaka, nilikuwa nikizipigia makelele. Aliniambia naimba kama mtu anayenadi samaki.

Alinilaza chali kwenye mkeka nyumbani kwetu Timbwani, akaniwekea pakiti ya unga ya kilo mbili juu ya tumbo. Nikivuta pumzi na unga ukapanda, sawa. Yakipanda mabega, naanza upya. Akanifunza kuuanza ubeti wa kwanza chini kabisa, karibu na kusema tu, ili kiitikio kipate pa kupandia. Nikifika kwenye "nakupenda" nilegeze taya, niiache ile sauti ya mwisho imenyooka, na mtetemo uje mwishoni kabisa, kidogo, kama chumvi. Kipaza sauti kikae karibu na midomo ninaponong'ona, nikisogeze mbali ninapopanda. Na pale sauti yangu ilipokuwa ikikatika, inapotoka kifuani kwenda kichwani, nisilazimishe. Nipunguze nguvu na nitangulize pumzi kabla ya neno. Wiki mbili nzima nilikatika pale pale. Yeye alicheka hadi akatoa machozi, nami nikamrushia mto.

Somo la mwisho alilisema akiwa amenishika mabega.

"Nyimbo hizi haziimbiwi halaiki. Chagua mtu mmoja, umwambie yeye. Nichague mimi. Nitazame mimi peke yangu."

Baba alikuwa ameniruhusu kuimba kwenye shughuli za wanawake kwa sharti moja, kwamba sauti yangu isiwafikie wanaume. Kuna watakaoliona sharti hilo zito. Mimi sikuliona hivyo, kwa sababu wa kwanza kulishika alikuwa yeye mwenyewe. Kila alasiri shoga yangu alipobisha hodi, baba, mstaafu wa bandarini mwenye magoti mabovu, alibeba kiti chake cha plastiki akaenda kukaa dukani kwa jirani mpaka tumalize. Hakuwahi kunisikia nikiimba wimbo wa mapenzi hata mmoja. Shoga yangu aliyajua yote haya. Kila siku alimwamkia shikamoo pale mlangoni, akasogea kando kumpisha na kiti chake.

Siku ya kupambwa bi harusi mmoja wa Mjambere, shughuli ilianza baada ya alasiri. Mlangoni alisimama shangazi yake bi harusi na kapu la kukusanyia simu. Ndiyo desturi yetu, kwani ndani wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, na hakuna anayetaka kutazamwa kesho yake na waume wa watu. Nilimwona shoga yangu kwa macho yangu akitia kapuni kasimu kake ka tochi. Nilijua ana simu mbili. Lakini nani humhesabia shoga yake simu?

Alikaa safu ya mbele, mkoba wake mapajani. Nikaimba. Pumzi ilitoka tumboni, mabega yakatulia, na pale pa kukatika nilipita bila hata kukwaruza. Nilimtazama yeye tu, naye akanitazama, machozi yakimlengalenga, na wallahi sijawahi kuimba vile kabla yake wala baada yake.

Siku ya tatu baba alikwenda kwa kinyozi. Kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu alikuwa na video simuni, akaifungulia sauti wenzake wasikie. Baba alirudi nyumbani nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, kofia mkononi. Akaketi. Nilidhani ameugua.

"Kumbe waimba vizuri," alisema. "Na mimi nilikuwa nikitoka na kiti."

Nilitamani anigombeze, maana ugomvi ningeujibu.

Video niliikuta kwenye ukurasa mpya wa shoga yangu, alikokuwa akitangaza kufundisha wasichana kuimba. Chini ameandika kwamba huyu ni mwanafunzi wake. Kabla sijaanza wimbo, mnong'ono wake unasikika karibu kabisa na simu, "Nitazame mimi," na mimi kwa utiifu wangu nainua macho. Dakika nne sikuyaondoa. Wanaume nisiowajua walikuwa wameandika kwamba ni kama nawaimbia wao.

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo. Hakukana. Alisema miaka yote amekaa ndani na hakuna anayejua kuwa anajua kitu, na sasa watu wameanza kumpigia.

"Mwenzangu, kitu kizuri vile ningekifichaje?"

Yalinikata maini, kwa sababu alikuwa akisema kweli. Nilimuuliza jambo moja tu, kama siku ile alipokuwa akinishika mabega na kuniambia nimchague yeye, simu ilikuwa tayari imo akilini mwake. Yeye aliyenifunza kutobandua macho akayainamisha, akaanza kukusanya vikombe ambavyo hatukuwa tumenywea. Niliondoka bila kuaga.

Aliifuta video usiku wa kuamkia Ijumaa, ilhali imeshafika Changamwe na kwingine nisikokujua. Maharusi wananipigia hadi leo. Nawaambia sauti imeharibika, na wanaisikiliza hiyo hiyo sauti ninayowajibia, wakijua nasema uongo.

Baba hajanikataza kuimba. Alisema uamuzi ni wangu. Wiki za mwanzo, alasiri ilipofika, alikuwa akiinuka, anachukua kiti chake, anasimama mlangoni kidogo akinisubiri nianze. Siku hizi hainuki.