Jipu Iliyokuja Kasongo kwa Baiskeli

Ukitaka kununua gari ya zamani, usianze na rangi. Rangi ni kazi ya asubuhi moja. Weka kiganja juu ya kapo, kile kifuniko cha injini. Ukikuta ni ya moto na wewe ndiyo kwanza unafika, jua kwamba mwenyewe ameibembeleza injini tangu alfajiri ili isikohoe mbele yako.

Haya nayasema mimi, msichana pekee wa darasa la mekanike, mwaka wa tano wa sekondari, hapa Kasongo. Mwalimu wetu anasema nina mdomo kuliko mikono. Nitamjibu siku nikishapata diploma.

Likizo ya Pasaka baba mudogo alinipakia kwenye pikipiki yake mpaka Salamabila. Ninakaa kwake, na pikipiki ile ndiyo iliyotulisha: alikuwa akibeba wafanyabiashara kati ya Kasongo na Kabambare. Sasa, nyuma ya duka la mnunuzi mmoja wa dhahabu, akaona jipu, gari ya wakati wa Wabeleji, pua fupi, taa mbili za mviringo. Akaanza kucheka peke yake kama mchimbaji aliyeona kitu kinang'aa kwenye karai. Wazo lilimwingia palepale. Kasongo, bibi harusi anapelekwa kwa pikipiki. Akifika kwa mume, vumbi limempaka poda ya pili na ushungi uko porini. Nani angekataa kufika na jipu kama ile?

"Baba mudogo, kapo iko moto," nilimnong'oneza.

"Ni jua."

"Iko kwenye kivuli tangu asubuhi."

"Weye unasoma mekanike ao unasoma fujo?"

Nikaingia chini ya jipu na turnevisi, yaani bisibisi. Hili nalo ulishike: chomachoma shasi yote, hasa pale matope yanapojificha. Kwenye kutu ya kweli, turnevisi inazama kama kwenye muhogo uliopikwa. Shasi ilikuwa ngumu. Milango ndiyo ilikuwa mastiki ya kuzibia matundu na rangi tu, ungeweza kuivunja kwa chafya. Nikalinganisha namba iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi. Zilikuwa sawa.

"Injini inakohoa, milango ni uji, lakini mifupa ni mizima," nilimwambia nikitoka na matope masikioni.

Hakungoja nimalize. Alitoa ufunguo wa pikipiki, akapewa ufunguo wa jipu. Mtu na mali yake.

Jioni mama mudogo, mke wake, alimpigia simu; habari ya jipu ilikuwa imeshamfikia.

"Pikipiki iko wapi?"

"Imekuwa gari, mama."

"Na gari iko wapi?"

"Iko... inakuja."

Sauti yake ikatoka taratibu, na hiyo ndiyo mbaya. "Ndugu yangu anaolewa jumamosi ya nne kuanzia hii. Nimeshaambia watu wa bwana harusi kwamba hatafika na pikipiki. Ile mashini yako isipotembea siku ile, utamubeba mu mugongo. Na ukishamufikisha, baki kulekule."

Basi likizo ikaisha kwa upande wangu.

Kuiendesha mpaka nyumbani haikuwezekana. Breki hazikuwepo, tairi zilikuwa zimeoza, na madaraja mengine ya njia ile ni magogo mawili yaliyogombana. Tuliivunja vipandevipande. Ukivunja gari, kila buloni, yaani bolti, irudishe kwenye tundu lake mara tu unapotoa kipande. Vidogo vitie kwenye makopo ya maziwa yenye mafuta machafu. Piga picha kila hatua. Simu yangu ilijaa matumbo ya jipu mpaka nikafuta picha zangu mwenyewe, hata ile niliyotoka mzuri.

Halafu tukaita watu wa toleka, wale wanaosukuma baiskeli za mizigo wakishikilia fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Wao hawajali umebeba nini. Wanajali upande wa kushoto uzito sawa na wa kulia. Mlango na mlango. Kiti na kiti. Jante nne, yaani zile chuma za magurudumu, zikapanda baiskeli mbili, moja kila upande. Injini ilifungwa katikati ya baiskeli mbili zilizounganishwa kwa miti, na shasi ikabebwa na vijana kumi na wawili mabegani kama sultani aliyelewa. Kila kijiji watoto walituuliza nani amekufa.

Kwenye mto Luama tulivuka kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, injini chini kabisa, sisi juu. Kioo cha mbele nilikilaza kwenye godoro langu, nililonunua Salamabila. Kilivuka salama. Godoro bado linanuka mto.

Nyumbani kazi ilichukua wiki tatu, mchana baada ya masomo. Tangi la mafuta nilitia kokoto na petroli kidogo, tukalitikisa kwa zamu. Kilichotoka kilifanana na chai ya rangi. Fundi wa bati alitengeneza milango mipya akifuata umbo la ile ya uji. Mama mudogo alipita akitoka sokoni, akaangalia, akasema, "Kuku watalala vizuri humu," akaingia ndani. Lakini nilimwona dirishani akihesabu siku kwa vidole.

Jumatano ya wiki ya harusi injini iliwaka. Tulipiga kelele mpaka jirani akakatiza usingizi wake wa mchana. Tairi tulishazipata, zikabaki kuvalishwa jante. Nikaleta jante. Moja, mbili, tatu.

Nilikuwa nimehesabu kila buloni na kila waya. Jante sikuhesabu; nani anapoteza jante? Nilimkimbilia mkubwa wa toleka pale anapofungia mizigo.

"Papa, jante ya ine iko wapi?"

"Iko salama, mutoto yangu. Niliiacha kwa masomo, pale karibu na Lusangi."

"Ulipeleka jante kusoma?"

Akacheka bila aibu. "Nilipata bidoni, dumu zima la mawese. Baiskeli haipendi upande mumoja. Jante huku, bidoni huku, ile ingine ikapumzika. Nilitaka kuibeba wakati wa kurudi, lakini nilipopita nikakuta wameshaitundika. Wanaipiga kila asubuhi. Inalia vizuri, weye!"

Nilielewa mara moja, na wewe ungeelewa. Kwetu, jante isiyo na tairi ikilala kwenye uwanja wa shule si mzigo wa mtu. Ni kengele iliyochelewa kutundikwa. Na yetu ina matundu matano ya buloni. Mjini kote jante zote tulizozijaribu zina sita.

Alhamisi baba mudogo aliazima pikipiki. Mimi nikabeba kipande cha resori kilichovunjika, ile bapa ya chuma inayobeba uzito wa gari, tulishaweka kingine. Tulipokaribia, tuliisikia kabla ya kuiona: ngaaa, ngaaa. Gurudumu letu lilikuwa linaita watoto darasani.

Baba mudogo aliacha masomo zamani, na mpaka leo akiona direkta wa shule anavua kofia na maneno yanamkimbia. Nikasimama mimi. Nilieleza yote.

Direkta aliniangalia kutoka viatu mpaka nywele. "Kengele hii imekuja tulipokuwa tunaihitaji. Na weye, leo ni alhamisi. Hausomi?"

"Niko kwenye staji, mazoezi ya kazi, bwana direkta."

"Staji ya kubomoa shule za wengine?"

Watoto madirishani wakashangilia. Kwao nilikuwa mkombozi: kengele ikiondoka, nani atajua saa? Nikaonyesha kile kipande cha resori, nikakifunga kamba, nikakigonga. Sauti yake ilikuwa nyembamba na kali, ikaenda mbali, mbwa wa kijiji wakajibu. Direkta alijaribu kutotabasamu. Madirishani shangwe ikageuka, "Aaaah, mama!"

"Sawa," alisema. "Lakini mekanike haondoki hapa bure. Utafundisha mwaka wa sita namna injini inafanya kazi."

Nikaingia. Niliwaza lugha nzuri ya kitabu chetu, kuvuta, kubana, kulipuka, kutoa, nikaona sura zinalala. "Injini ni kama mjomba wenu siku ya karamu," nikasema. "Inameza. Inafunga mkanda. Inachachamaa. Kisha inajamba." Mpaka leo sijapata darasa lililoelewa haraka vile. Mtoto mmoja wa kike wa mbele aliuliza, "Na ikifungwa nyuma?" Nikawaambia wenzake huyo ndiye fundi. Direkta aliangalia ukutani, mabega yakimtetemeka.

Tulirudi na jante mapajani mwangu.

Jumamosi jipu ilitoka uani kwa miguu yake minne. Taa moja ilikuwa inaangalia juu kidogo, sikuwahi kuirekebisha. Baba mudogo aliendesha kwa kanzu nyeupe, mimi nyuma na turnevisi ndani ya kitenge, bibi harusi kando yangu, na mbele, karibu na dereva, mama mudogo. Vigelegele vilitusindikiza soko zima. Sikio langu lilikuwa kwenye injini, haikukohoa. Mbele ya nyumba ya bwana harusi, bibi harusi alishuka na ushungi wake mahali pake, uso wake ule ule aliotoka nao kwao. Wanawake wa upande wa mume walimzunguka. Wengine waliizunguka jipu. Mmoja alimwita baba mudogo pembeni: binti yake naye anaolewa mwezi ujao.

Sote tulishuka isipokuwa mama mudogo. Alikuwa amekaa vilevile, mkono kwenye mlango mpya, anaangalia mbele.

"Mama, tumefika," baba mudogo akamwambia.

"Nimeona."

"Sasa hushuki?"

"Mapema gani hii? Kwanza zunguka na njia ya soko," alisema. "Kuna watu kule hawakuniona vizuri."