Namba Aliyoandika Mjomba

Mjomba wangu ni fundi wa kufuli, na kazi hiyo imemharibu. Mtu akishafungua milango ya watu kwa kipande cha waya miaka thelathini na tano, hawezi tena kuamini mlango wowote, wala aliye nyuma yake. Ukimsalimia kwa uchangamfu anajiuliza unataka nini. Ukimsalimia kwa ubaridi anajiuliza umefanya nini. Jirani akimletea chakula anashukuru, anasubiri aondoke, halafu ananisukumia sahani mimi. "Onja wewe kwanza," anasema, nami ndiye mpwa anayempenda.

Duka lake ni chumba kimoja chenye mashine ya kuchongea funguo, na ukutani zimetundikwa funguo ambazo bado hazijachongwa. Chini ya meza kuna daftari la wateja. Namba za simu zilizomo humo zote si za kweli: tarakimu ya mwisho kaiongeza moja. Saba kaandika nane, tisa kaandika sifuri. "Mwizi akiiba daftari langu," anasema, "apige simu mpaka achoke." Mwenyewe akisoma anapunguza moja kichwani, na hajawahi kukosea.

Kiumbe pekee aliyemwamini bila masharti ni mbwa wake, jike la rangi ya mchanga aliyemwita Kitasa. Na hapa sina budi kutoa siri isiyo yangu. Mjomba alikuwa hasikii. Sikio la kushoto lilishakwenda zamani, la kulia lilikuwa njiani. Hakumwambia mtu. Mteja akiingia, Kitasa alinyanyuka akamsukuma Mjomba goti kwa pua, naye akageuka na tabasamu lake, utadhani alisikia hatua tangu mtaa wa pili. Niliyaona hayo, nikanyamaza. Nilijua anachoogopa. Nani atamkabidhi ufunguo wa nyumba yake fundi anayeweza kuibiwa akiwa amekaa palepale? Bila Kitasa, duka lingefungwa ndani ya mwezi.

Ndiyo maana nilimng'ang'ania tumpeleke kuwekewa chipu, maana mbwa yule aliogopa vishindo na alishatoroka mara mbili. Daktari wa wanyama, mama mpole mwenye mikono mikubwa, alituonyesha kidude chenyewe ndani ya sindano. Kilikuwa kama punje ya mchele.

"Kinakaa chini ya ngozi, hapa katikati ya mabega," alisema. "Hakina betri, hakisemi mbwa yuko wapi. Kina namba tu. Akipotea, kliniki yoyote wanampitishia mashine hii mgongoni, namba inaonekana, wanaangalia kwenye usajili, wanakupigia."

"Huo usajili anautunza nani?" Mjomba aliuliza, macho yake kwenye midomo ya daktari.

"Kuna ofisi yake."

"Na ufunguo wa hiyo ofisi anao nani?"

Daktari alicheka. Mjomba hakucheka.

"Kila siku nawaambia wateja wangu wasifunge anwani zao kwenye ufunguo," alisema. "Leo mimi nimfungie huyu anwani yangu mwilini?"

"Mjomba, ni namba ya simu tu."

"Wanaanzaga na namba ya simu."

Alikubali kwa shingo upande. Fomu akataka aijaze mwenyewe. Alitupa mgongo, akaikinga kwa mkono kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Kwenye jina niliona ameandika "Fundi" basi. Kitasa akachomwa, akalia kidogo, mashine ikapitishwa, namba ikatokea. Siku ile nzima Mjomba alikuwa akimpapasa mgongoni, akikitafuta kile kidude kwa ncha za vidole.

Miezi minne baadaye transfoma ya mtaa wetu ililipuka mchana kweupe. Hata Mjomba aliusikia mshindo ule. Alichokosa kusikia ni kucha za Kitasa zikikwaruza sakafu kuelekea mlangoni. Alipogeuka, mbwa hakuwapo.

Siku ya kwanza alimshuku jirani. Siku ya pili akamshuku fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu tu alimpa pole. Siku ya tatu ikawa zamu ya daktari.

"Wamemwita," aliniambia. "Wamebonyeza kitu huko kwao, naye akaenda."

"Haina betri, Mjomba."

"Ndivyo walivyosema wao."

Alikuwa ameigeuza meza yake itazame mlango, na hakuwa akifanya kazi. Akiinamia mashine, haoni mlango. Akitazama mlango, hachongi. Asubuhi ile mteja aligonga meza mara tatu ndipo Mjomba akainua macho, na yule mteja akanitazama mimi kama anayeuliza kitu. Nikampigia daktari.

Habari zilikuwa nzuri kupita kiasi: Kitasa aliokotwa siku ileile aliyotoroka na kupelekwa kliniki moja upande wa pili wa mji. Tulikwenda mbio. Dada wa mapokezi alifungua kompyuta yake akatabasamu.

"Yule wa rangi ya mchanga? Alishachukuliwa juzi. Mwenyewe alikuja."

"Mwenyewe ni mimi!" Mjomba alipaza sauti.

Tabasamu likamtoka. Alimkagua Mjomba kuanzia viatu hadi kofia. "Mzee, mwenyewe ni mama mmoja. Tulipiga namba iliyosajiliwa, akaja. Nikaipiga tena hapahapa, ikaita mkononi mwake. Haya, wewe taja namba uliyosajili."

Mjomba akaitaja. Dada akatikisa kichwa.

"Umekaribia. Lakini haiishii na nne. Na usianze kukisia, mzee, hii si bahati nasibu."

Mkuki kwa nguruwe! Sikuwahi kumwona Mjomba akitazamwa jinsi anavyotazama watu, na nusu ya moyo wangu, Mungu anisamehe, ilifurahi. Nusu nyingine ilishaanza kuelewa.

"Mjomba. Uliongeza moja?"

Aliisoma midomo yangu, kisha akatazama sakafu. "Nilipanga kuirekebisha. Nikishawaamini."

Nilimfokea mbele ya watu na paka wao. Nilimwambia miaka yote hiyo anawafungulia wengine, leo kajifungia nje mwenyewe.

Namba tulikuwa nayo, ya kwake na moja juu. Niliipiga tukiwa nje. Aliyepokea alinihoji robo saa kabla ya kunielekeza, akasema tuje wawili tu, tena kaka yake atakuwepo. Hatukumwona kaka yeyote. Tulikuta mlango ukifunguka upana wa vidole viwili, mnyororo umefungwa, na jicho moja.

"Hiki kitasa kinafunguka kwa pini ya nywele," Mjomba alininong'oneza. Tatizo ni kwamba asiyesikia hajui kunong'ona.

"Nimekusikia!" jicho likasema.

Nilibembeleza mpaka tukaingia. Alikuwa mama mtu mzima, mshonaji, chumba kimejaa vipande vya vitambaa. Kitasa alimrukia Mjomba, akamlamba mpaka kofia ikaanguka.

"Hiyo si kitu," yule mama alisema. "Jana kamlamba msoma mita. Nisikilizeni. Nilipigiwa nikaambiwa mbwa wako kapatikana. Mimi sina mbwa. Nikajua matapeli hao, nikakata. Mara ya tatu wakasema asipochukuliwa leo anapelekwa banda la mbwa wasio na wenyewe. Nikaenda kuwaumbua. Nikamkuta anatetemeka chini ya benchi, nikasema ndiyo, wangu. Nilidanganya, na sijutii. Sasa wewe, nitajuaje ni wako?"

"Anaitwa Kitasa. Muite uone."

"Kwa ninavyomlisha, hata nikimwita Alhamisi anakuja."

Mjomba alinitazama, akamtazama mbwa.

"Mama, mimi sisikii," alisema, kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile. "Sikio hili limekufa, hili linakwisha. Yeye ndiye anayenisikilizia. Nitakaa pale nikupe mgongo. Wewe toka nje, ugonge mlango taratibu unavyotaka."

Akakaa. Yule mama akatoka. Mimi mwenyewe niliusikia ule mlio kwa shida, kama wa kidole kimoja tu. Kitasa akainuka pale mkekani, akavuka vitambaa, akamsukuma Mjomba goti.

"Kuna mtu mlangoni," Mjomba alisema bila kugeuka.

Mama aliporudi hakuhoji tena. Alichukua bakuli la mbwa, akalifunga kwenye mfuko wa nguo. "Mchukue," alisema. "Ila mkanitoe kwenye huo usajili. Sitaki kupigiwa na nisiowajua."

Nikatoa kalamu. Mjomba akanishika mkono.

"Iache ya kwake."

"Niiache?" mama alishtuka.

"Hata ningeandika ya kweli, siku ile isingepokelewa. Ingeita mfukoni mpaka ichoke. Wewe ulikwenda."

Iliniuma, siwezi kuficha. "Na mimi je, Mjomba? Namba yangu ina kasoro gani?"

Alinitazama bila hasira. "Wewe ulijua," alisema. "Mwaka mzima nakuona unajua, na umenyamaza. Nikawa najiuliza unangoja nini."

Nikainama nikijifanya namfunga Kitasa kamba, nikasema kwa sauti ya chini kwamba nilikuwa naona haya, nilidhani namstahi.

Mjomba akaninyanyua kidevu mpaka midomo yangu ikamwelekea.

"Sikusikia, mwanangu," alisema. "Rudia."