Fulana ya Kampeni

Mjomba wangu alihukumiwa kunyongwa kwa sababu ya fulana. Jirani yake, waliyekuwa wakigombea naye mpaka wa shamba la mananasi pale Kiwangwa, alikutwa ameuawa kwa panga. Shahidi pekee alikuwa mama mmoja aliyemwona mtu akikimbia kwenye mvua.

“Uso wake uliuona?” wakili wa mjomba akamuuliza.

“Sikuuona, alinipa mgongo. Ila fulana ndiyo ile yake ya kampeni.”

Fulana zile tuligawiwa kijiji kizima! Hata mimi ninayo. Wakili alilisema hilo, na bado jaji akasoma kwamba kesi imethibitishwa pasipo shaka.

“Mnataka shaka gani tena?” nilipiga kelele. Askari wakanitoa nje.

Huko nje nikakutana na mjane wa marehemu. Nilimwamkia nikidhani hataitikia.

“Marahaba, mwanangu,” alisema. “Hata mimi sina hakika kama ni yeye.”

Nami sina. Sikuwepo, siwezi kuapa kwamba mjomba hakuua. Lakini waliotakiwa kuthibitisha ni wao waliomshtaki, na hawakuthibitisha kitu. Rufaa haijasikilizwa. Kila nikimpelekea sabuni gerezani ananiuliza imepangwa lini, nami natoka pale na hasira zangu.