Miche Niliyoifungia Stoo

Ni mwaka ule ambao sisi wa Matogoro tuliuza mahindi kwa pupa, halafu tukala ugali wa muhogo kwa dagaa wakavu mpaka dagaa wakaanza kututazama vibaya, na nyanya moja ukiipata unaikata robo ya kuungia, zinazobaki unazifunika na kikombe ziwe za kesho. (Wanaosema hawaukumbuki mwaka huo ndio waliokuwa wanakuja kwangu kuomba ile robo.) Mwaka huohuo niliaibika mimi, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, mbele ya jumuiya nzima, na naieleza mwenyewe kwa sababu Mama Adelina akiwasimulia yeye ataongeza chumvi.

Wanawake wa jumuiya yetu tulikubaliana kulima nyanya bondeni, shamba moja, wote pamoja. Mbegu ilikuwa pakiti moja tu, ya kuotesha mara moja, ukiiharibu basi, msimu umekwenda, mboga yenu ni dagaa hadi Krismasi. Siku ya kugawana kazi, Mama Adelina, jirani yangu (mwanamke wa kufagia uwanja mara tatu kwa siku, mnawajua wale), akasema ataandaa kitalu nyuma ya nyumba yake, akiwekee kichanja cha nyasi. Hapo ningenyamaza. Lakini kuku wake nawajua, wananimalizia muhogo wangu niliouanika, nikasimama.

"Kitalu cha nje ni cha kuku! Leteni kwangu, naotesha ndani, stoo, na mlango napiga kufuli."

Bibi shamba wetu, binti mpole aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, akaniamkia kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, mche bila jua haukui. Jua ndilo linaloupa chakula."

Nilicheka nikashika kiuno. Mimi nimepika pombe miaka arobaini, kimea changu cha ulezi nakiloweka, nakifunga kwenye gunia, nakifunika na majani ya mgomba kwenye kona yenye giza kuliko zote, na siku ya tatu kimeshika mizizi mpaka gunia linang'ang'ania. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe umesoma, mimi nimeotesha. Kimea changu kilikula jua gani?"

Watu wakapiga makofi, hata katekista akacheka (anakifahamu kimea changu huyo, tuishie hapo). Binti akaanza kueleza kwamba mbegu ina akiba yake ndani, ikiisha basi, lakini nani amsikilize, makofi yalikuwa yangu. Wakanipa pakiti. Nikamgeukia Mama Adelina nikamwambia kazi yake itakuwa kubeba maji.

Nikasia kwenye mabeseni manne, nikafunga mlango, na siku ya saba imeota. Mnanielewa? Imeota, gizani! Nikasimama uani nikapaza sauti, "Mama Adelina eee, imeota!"

Akajibu toka kwao, "Ni ya kijani?"

"Ina afya!" nikasema.

Ilikuwa myeupe. Lakini nikajiambia hata mtoto mchanga huzaliwa mweupe, rangi huja baadaye. Jumapili baada ya misa wananiuliza habari ya miche, mimi najibu urefu tu, imefika nusu ya kidole, imepita kidole, na ilikuwa kweli, ilirefuka kama inayomtafuta mtu. Wiki mbili na siku chache nikatangaza iko tayari. Mama Adelina akasema miche hukaa kitaluni karibu mwezi. Nikamjibu ya nje ndiyo inayochelewa, inasumbuliwa na upepo.

Basi tukakutana bondeni, mashimo yamechimbwa, ndoo zimejaa, jua la saa sita linawaka. Nikafunua kitenge juu ya mabeseni huku katekista akianza kusali, na siku hiyo alisali! Akaombea mvua, wagonjwa, walio safarini Tunduru, mimi nimefumba macho najiona tayari nachaguliwa msimamizi wa shamba. Tulipofumbua, miche yote ilikuwa imelala. Sisemi imeinama. Imelala, beseni zima, kama tambi zilizoiva.

Mama Adelina, taratibu, "Katekista, hiyo sala ilikuwa ya kupanda au ya kuzika?"

Watu wakaanguka kwa kicheko, mmoja akakalia ndoo ya maji. Mimi badala ya kunyamaza nikasema imechoka na safari (safari yenyewe ni kushuka kilima!), nikauchukua mmoja, nikaupanda mbele yao, nikaumwagilia, na tone la kwanza likauzika kwenye tope tusiuone tena.

Bibi shamba hakucheka, na hilo ndilo liliniuma. Akachuchumaa karibu yangu.

"Bibi, kimea chako kikishaota unakifanyaje?"

"Nakianika, nakisaga."

"Basi hakijawahi kufika siku ya kudai jua."

Miaka arobaini nilijisifu kwa kitu ninachokiua kikiwa na siku tatu. Msimu ukapita, na kila nyumba iliyokaanga dagaa bila nyanya ilitaja jina langu.

Mwezi uliopita Mama Adelina alikuja mwenyewe. Binti yake kajifungua Ruhuwiko, anakwenda kumwogesha mtoto kwa wiki moja, na kitalu cha jumuiya safari hii kiko kwake, kijani kibichi, kinapendeza, sikatai.

"Mama Komba, nakuomba unitazamie kitalu."

"Miche ya watu siigusi tena, hata ikinililia."

"Ni kumwagilia tu, mama, asubuhi na jioni. Jua lipo lenyewe. Na yale yalishapita, mimi sikucheki tena."

Alikuwa anabana midomo, nilimwona.

"Miche ya watu siigusi tena, hata ikinililia."