Mstari wa Tatu wa Mibuni

Kazi yangu pale mpakani Tunduma ilikuwa kukagua mimea. Mtu akitoka upande wa pili na mche wa mchungwa, gunia la maharage au mbegu ya viazi, lazima apite kwangu. Nilikuwa mkali, na sioni sababu ya kuficha. Niliwahi kuchomoa marando ya viazi vitamu katikati ya majora ya vitenge, mwenye mzigo akiapa kwa watoto wake wote kwamba hajui yameingiaje humo. Kina mama wa Zambia waliniita "bamayo" kwa sauti ya kunibembeleza, kana kwamba mimi ndiye mama yao, na marando yakachomwa vilevile. Hakuna aliyeweza kunifichia jani. Ukitaka kunicheka, anzia hapo.

Miaka hiyo nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, afya ya mimea na kilimo endelevu, huku nikiendelea na kazi. Likizo zangu zote ziliishia chuoni, safari ya basi ya kutwa nzima. Siku nyingine nilisoma pale pale ofisini, malori yamejipanga nje na madereva wakisonga ugali chini ya tela. Wenzangu walijenga, mimi nikanunua vitabu. Mwisho ikabaki kazi moja tu, utafiti wa shambani, na chuo kilikuwa kimekwisha kuniongezea muda. Safari hii nikishindwa, basi.

Shamba nililolitegemea ni la mama yangu, kule Igamba. Baba alikwisha fariki, na mibuni ile ndiyo iliyotulea na kutusomesha. Ugonjwa niliokuwa nauchunguza ni chulebuni, ule unaoozesha matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi hadi yanakuwa meusi. Nilichagua mistari mitatu. Wa kwanza ungepulizwa dawa kama kawaida. Wa pili ungepogolewa, matunda yaliyooza yangeokotwa na kufukiwa, na dawa ingetumika kidogo sana. Wa tatu usingeguswa kabisa. Huo wa tatu ndio uliobeba utafiti mzima, maana usipojua ugonjwa unafanya nini ukiachwa, huwezi kusimama mbele ya watu ukasema umeuzuia.

Nilimweleza mama jikoni, anachoma mahindi.

"Mama, ule wa tatu tunauacha uumwe."

"Uumwe tu?"

"Uumwe tu. Wenyewe ndio utakaonionyesha mingine imepona kiasi gani."

Akageuza hindi, akaligeuza tena. "Haya, mama. Nimeelewa. Msomi ni wewe."

Msimu mzima wa mvua nilikuwa napanda gari Jumamosi kwenda Igamba kuhesabu matunda kwenye matawi niliyoyafunga utepe mwekundu. Mama alinishikia mwavuli. Alinibebea chupa ya chai ya maziwa hadi shambani na kuiweka kwenye kisiki, na kila mara aliniuliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Tulicheka. Nilimpenda sana mama yangu msimu ule, nikawa nawasimulia wenzangu kazini kwamba nina msaidizi ambaye hata maprofesa hawana.

Na mgonjwa wetu akaanza kufanya mambo ya ajabu. Matawi ya juu yalioza kama nilivyotarajia. Ya chini, ambako ukungu hukaa hadi saa nne za asubuhi na ambako mimi ningetafuta ugonjwa kwanza, yalikuwa na matunda safi, ya kijani, yanang'aa. Mti hadi mti, hali ni hiyohiyo. Kuna mahali niliona alama za dawa kwenye majani, nikajua ni upepo umeileta kutoka mistari ya jirani. Nikakaa chini nikaandika sura nzima kuhusu matawi ya chini ya mibuni mikongwe ya Mbozi, na jinsi kivuli chake chenyewe huenda kinayakinga. Niliipenda sura ile kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Nilipomwambia mama kwamba huenda nimegundua kitu ambacho hakimo vitabuni, alinimiminia chai, akasema, "Mungu ni mwema."

Msimamizi wangu wa utafiti akaja kuona shamba. Mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitembea kwenye mstari wa tatu akifunua majani upande wa chini, mti baada ya mti. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, hapa huwa mnapuliza?"

"Hapana, baba. Hapa hatupulizi."

Akavuta tawi, akanionyesha. Matone makubwa ya bluu yaliyokauka, mazito, yamerushwa bila mpango. Bomba halirushi hivyo. Akainua mkono taratibu kutoka matawi safi hadi pale uozo ulipoanzia, akasimamisha kiganja hapo.

"Aliyefanya hivi," akasema, "ni mtu mfupi."

Mama yangu ananifika begani. Alikuwa amesimama kando ya kisiki, anafunga kifuniko cha chupa ya chai ambacho kilikuwa kimekwisha fungwa.

Alikuwa na mrututu wa zamani, dawa ya bluu ya enzi za ushirika, alioubakiza ndani ya debe tangu wakulima walipoachiwa kila mtu ajinunulie dawa dukani. Mimi nikishapanda gari kurudi Tunduma, yeye anakoroga kwenye ndoo, anachovya kitita cha majani na kurashia miti, kama walivyofanya yeye na baba kabla hawajapata bomba. Alirashia hadi mkono wake ulipofika. Sura yangu nzima ilikuwa kipimo cha mkono wa mama.

Mgeni alipoondoka niliuliza kwa nini, na sikuuliza kwa adabu.

"Watu wanapita hapa wakienda kanisani," akasema. "Wanaona kahawa inaozea kwa mama wa bibi wa mimea."

"Ulikubali, mama. Ulisema umeelewa."

"Wewe ulipokuwa mdogo ukishikwa na homa, nilikaa kitandani nikakuhesabu?"

"Mti si mtoto."

"Huu ndio uliokusomesha."

Hakuomba radhi. Nadhani hadi leo haoni la kuombea radhi. Mimi nilijiona nimesalitiwa, na neno hilo silipunguzi makali. Mrututu ningeusamehe. Aibu ya majirani ningeielewa, nimekulia hapo. Lakini alinishikia mwavuli nihesabu uongo wake, Jumamosi baada ya Jumamosi. Aliniona nafurahi, akamshukuru Mungu.

Nilitafuta shamba jingine hadi Ruanda, ile ya huku kwetu Mbozi. Mkulima aliyekataa kuacha miti iumwe nilimshukuru. Aliyekubali sikumwamini. Msimu ukapita, muda wa chuo ukaisha, na shahada sikuipata. Nilirudi kuchungulia magunia ya watu.

Mvua zilizofuata mama alinipigia simu. Nilidhani amepata la kusema.

"Njoo unimalizie huko juu," akasema. "Mkono wangu haufiki."

Nilikwenda. Nilijaza bomba, nikalibeba mgongoni, nikapuliza mstari wa tatu kuanzia pale mkono wake ulipoishia hadi kileleni. Tepe zangu zilikuwa bado kwenye matawi, zimepauka. Nilipomaliza nilimkuta kwenye kisiki, amekwisha mimina chai kikombeni, mvuke unatoka.

Nikamwambia nimeshiba. Nilikuwa sijala kitu tangu Tunduma.