Saa Moja ya Kuitazama Damu ya Mama

Siku niliyojua kwamba mama anaumwa kweli, nilimkuta baba anamenya ndizi.

Kwetu Nyaishozi baba alikuwa mtu wa kahawa na mbuzi. Jikoni aliingia kuota moto, akatoka. Jumamosi hiyo nilikuwa nimetoka Nyakahanga, ninakofanya kazi katika maabara ya hospitali, nikamkuta amekaa kwenye kigoda cha mama na kisu mkononi. Alikuwa akitoa maganda manene hivi kwamba nusu ya ndizi ilikuwa inakwenda kwa mbuzi. Mama alikaa pembeni yake, mikono ameifunika kwa kitenge.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu baba bila kuinua macho. "Mimi usiniulize kitu. Muulize mama yako."

"Mikono bado imelala," mama akasema. "Ikiamka nitapika."

"Huwa inaamka saa ngapi?"

"Saa nne. Siku nyingine saa tano."

Niliinua kitenge. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na vina joto, na alipojaribu kukunja ngumi, vidole viligoma katikati. Alikuwa amekaa na hali hiyo tangu msimu wa kuchuma kahawa. Kila nilipopiga simu alisema mzima, baba naye alikuwa ameonywa asiseme.

Nilimkumbuka bibi, mama yake mama. Vidole vyake vyote vilikuwa vimelalia upande mmoja, na sisi wajukuu tuliamini ni kazi ya jembe, kwamba ukilima miaka mingi hatimaye vidole hufuata mpini. Hakuna aliyempeleka popote. Nilipokuwa chuoni nikisoma habari za baridi yabisi, nilifika ukurasa wenye picha ya mikono nikafunga kitabu, kwa sababu niliiona ya bibi.

Jumatatu mama alikuja hospitali kwa bodaboda, amevaa nguo ya kanisani. Daktari, mwanamke asiye na maneno mengi, alimbonyeza vifundo kimoja kimoja, akauliza maswali machache, akaandika vipimo. Vingine vilipelekwa nje ya wilaya na majibu yake yalichelewa. Viwili tulivifanya sisi wenyewe. Cha kwanza ni CRP, kinachopima protini ambayo ini huimwaga kwenye damu pale mwili unapowaka uvimbe ndani. Cha pili ni ESR. Hicho ni cha kizamani na hakina mashine ya kujivunia. Damu huchanganywa na dawa ya kuizuia isigande, ikawekwa kwenye mrija mwembamba wa kioo wenye alama za milimita, mrija ukasimamishwa wima, ukaachwa saa moja kamili. Chembe nyekundu huzama taratibu na juu hubaki maji ya manjano. Mwili ukiwa na uvimbe, chembe hushikana na kuzama upesi. Saa ikitimia, unasoma zimeshuka kiasi gani.

Mkuu wetu wa maabara, mwanamume wa makamo anayependa utaratibu kuliko chakula, ana sheria kwamba hakuna mtu kusoma majibu ya ndugu yake.

"Damu hii niachie mimi," aliniambia. "Wewe kaa na malaria zako."

Mama alikuwa kwenye benchi nje ya dirisha la kupokelea sampuli. Kutoka pale mirija inaonekana vizuri. Akauliza yake ni upi, mkuu akamwonyesha.

"Shikamoo mama. Wa tatu kutoka kushoto. Lakini utasubiri saa nzima. Nenda kanywe chai kwanza."

"Marahaba. Chai nimekunywa. Damu ni yangu, nitakaa nayo."

Akakaa kweli. Mimi nilikuwa nimeinamia hadubini yangu, nikimsikia anatoa taarifa kwa kila aliyeketi pembeni yake: sasa imeanza, sasa imeacha kidole kimoja, sasa inakimbia. Mlio wa saa ulipolia, mkuu aliinama, akasoma, akaandika. Milimita tisini na mbili, wakati mwanamke wa umri wake hutakiwa asizidi thelathini hivi. Hakunitazama, nikajua. CRP nayo ilikuwa juu.

Kwa daktari niliingia na mama, kama mtoto wake, si kama mtu wa maabara.

"Mama," daktari alisema, "kinga ya mwili wako, ile inayopigana na magonjwa, imegeuka inashambulia viungo vyako mwenyewe."

Mama alifikiri kidogo. "Sasa mimi nimeikosea nini?"

Daktari yule asiye na maneno mengi alicheka mpaka akavua miwani. Alisema hajakosea kitu, kwamba ugonjwa huu wakati mwingine hutembea katika ukoo, na kwamba hauponi kabisa lakini hutulia. Akampa vidonge vya kumeza mara moja tu kwa wiki. Alirudia hilo mara tatu, kwamba kumeza kila siku ni hatari, na kwamba damu lazima iangaliwe mara kwa mara, kwa ajili ya ini na kwa ajili ya ule uvimbe. Mama akachagua Jumapili baada ya ibada. Baba akapigilia kalenda ukutani akawa anaweka alama mwenyewe.

Wiki za kwanza hazikuwa na lolote la kusimulia. Dawa ilimtia kichefuchefu, vidole vikabaki vilevile, na siku moja alinipigia kusema anaona bora abaki na mikono yake mibovu kuliko tumbo bovu. Nikamwomba avumilie mpaka kipimo kijacho. Kilipofika, mrija ulisoma sitini na nane. Kilichofuata, arobaini na moja. Mikono sasa ilikuwa inaamka saa mbili. Baba naye, kwa mazoezi, alikuwa ameanza kutoa maganda membamba, na mama aliporudi kwenye kigoda chake walikubaliana wapeane zamu. Majirani walipita makusudi kuja kutazama.

Nisilolitarajia ni kwamba mama angezipenda namba zile. Alizitangaza kwa akina mama wa kwaya. "Mimi sasa niko arobaini na moja," alisema, na wale wasiojua walidhani anadanganya umri. Jirani mmoja alinisimamisha njiani akaniomba nimpime naye, anataka namba yake. Nilimweleza kwamba kipimo hiki hufanywa kwa sababu, mtu asiyeumwa hapimwi ili apate cha kusimulia. Aliniona mchoyo.

Halafu ukaja mwezi mmoja mama akafika amechangamka, akatusalimia wote, akafungua na kufunga ngumi mbele ya dirisha ili mkuu aone. Akaketi kuitazama damu yake. Baada ya nusu saa tu akanyamaza. Nilipochungulia nikaona kwa nini. Ilikuwa inakimbia kama siku ile ya kwanza. Ilisoma sabini na tisa.

Nilikosea hapo. Nilitoka nje nikamkalia kikao.

"Mama, umeacha dawa?"

"Sijaacha."

"Umeona mikono imepona ukaacha. Wengi hufanya hivyo."

"Nimesema sijaacha. Muulize baba yako na kalenda yake."

Nilimpigia baba palepale. Baba alinisomea alama zote, Jumapili hadi Jumapili, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Mama alikuwa ameshageuza uso anatazama ukuta. Miaka yote nimefanya kazi hii sijawahi kumwita mgonjwa mwongo, na wa kwanza akawa mama yangu.

Daktari hakuuliza habari za dawa. Alimshika vidole, akaona vimetulia, akaanza kuuliza mengine. Anakohoa? Hapana. Mkojo unauma? Hapana. Kuna kidonda? Hapana. Kisha akamtazama usoni.

"Mbona unaongelea upande mmoja wa mdomo?"

Mama akashika shavu. Jino la nyuma lilikuwa limeoza, lina usaha, na kwa wiki mbili alikuwa anatafunia upande wa pili. Hakulitaja kwa sababu yeye alikuja kwa ajili ya mikono.

"Kipimo hiki kinasema kuna uvimbe mwilini," daktari alinieleza, ingawa tulijua wote wawili kwamba nililisoma hilo chuoni. "Hakisemi uko wapi, wala nani kausababisha."

Jino liling'olewa, akapewa dawa, na mwezi uliofuata tulikuwa tumerudi thelathini na tano. Nilimwomba msamaha kwa kitenge na kwa maneno. Kitenge alikipokea siku hiyohiyo. Maneno aliyapokea baada ya kama wiki mbili hivi.

Basi mimi nami. Jumatatu moja niliamka katika chumba changu Nyakahanga, vifundo vya mikono vinauma na vidole ni vizito. Nilikaa kitandani nikavitazama nikaona vya bibi. Sikumwambia mtu. Kazini nilijitoa damu, jambo ambalo mkuu wetu angelipigia kelele, nikaiweka kwenye mrija wa mwisho bila kuuandika kitu. Nilisahau kwamba ilikuwa siku ya mama kupimwa.

Alikuja, akakaa, akaoneshwa mrija wake. Kama kawaida akaanza kuchunguza na mirija ya wengine.

"Ule wa mwisho ni wa nani?" aliuliza. "Hauna jina."

Mkuu aligeuka. Sheria yake ya pili ni kwamba mrija usio na jina ni takataka. Alinyoosha mkono autoe.

"Uache," nikasema. "Ni wangu."

Mkuu alirudisha mkono, akachukua kalamu, akauandika jina langu kwa mwandiko wake wa mraba. Mama alisogea hadi mwisho wa benchi, akaacha kabisa kuitazama damu yake. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini. Nilijaribu kufanya kazi. Kila nikiinua kichwa nilimwona amekaza macho kwenye mrija wangu, midomo inatembea. Sijui alikuwa anaomba au anahesabu.

Hata mlio haujalia vizuri, akasema, "Haijatembea. Iko karibu na pale ilipoanza."

Mkuu akasoma. "Tisa," alisema. "Mama yuko sahihi."

Mama alicheka, akanishika mikono kupitia dirishani, akaigeuza huku na huku. Kumbe viganja vilikuwa na malengelenge.

"Jumamosi na Jumapili ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napura maharage. Ni ya kwenu yale, nyie wenyewe mliniita."

"Mwaka mzima umekaa kwenye kiti, halafu umeshika fimbo siku mbili umepiga maharage kama adui. Ulitaka mikono ikuimbie?"

Hata hivyo daktari alinikagua, maana alisema kipimo kikiwa cha chini hakimwondolei mtu shaka moja kwa moja, kuna wagonjwa wa baridi yabisi ambao damu yao husoma vizuri tu. Hakukuta uvimbe. Akaniambia nikiamka na vidole vizito wiki kadhaa mfululizo nije mlangoni kwake kama watu wengine, nisijitibu kwenye kona ya maabara. Baada ya siku nne mikono ilikuwa mizima. Mkuu aliniandikia barua ya onyo, fupi, akanipa mwenyewe na kikombe cha chai.

Mama sasa anakuja kila baada ya miezi mitatu. Safari iliyopita alikuta kwenye benchi mwanamke wa Kyerwa, mke wa mfugaji, aliyekuwa ameacha kukamua kwa sababu ya vidole na alikuwa ameambiwa ni uzee, naye hajafika hata miaka hamsini. Alikuwa ameshika karatasi ya vipimo kwa woga. Mama alimsogezea nafasi karibu na dirisha, akamuuliza mrija wake upi, wakaanza kuongea Kinyambo, lugha ya kwetu, kwanza habari za damu, kisha za ng'ombe, kisha za wakwe. Mkuu alilazimika kuwaomba wapunguze sauti. Mlio ulipolia hakuna hata mmoja wao aliyeusikia.